Matezo Matatu ya Springi Moja

Kipawa, Jumapili 9 Machi 1975

Dada Filomena, nisamehe. Tangu Krismasi nasema kesho nitaandika, na kesho ikifika mtoto analia, au kuni ni mbichi, au usingizi unanishika nimekaa vile vile na mwiko mkononi. Barua yako ninayo chini ya godoro, nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mkunjo. Sasa nimeamua hivi: nitaandika kidogo kidogo katika daftari hili, na barabara ya kusini ikifunguka nitampa mtu akuletee lote. Wanasema Rufiji imejaa, mabasi yanageuzia Kibiti.

Sie tuko wazima. Genoveva ana meno mawili na anauma. Kasimiri chama cha wachongaji kimempa gogo la mpingo linalonifika kifuani, achonge watu waliobebana, mzee chini, watoto juu. Akilimaliza vizuri watamwandika kuwa mchongaji wa kudumu. Asipolimaliza atapewa mwingine.

Leo nimefungiwa chumbani tangu tulipotoka misa. Mzee Nikodemu, mjomba wake Kasimiri, kapata springi ya lori lililopinduka huko Pugu na anaifua iwe matezo matatu. Unajua desturi yetu: vyombo vya kuchongea vikiwa motoni, wanawake hatusogei. Basi nimekaa na mtoto, bati juu linachemka, nasikia nyundo na mvukuto tu.

Jumatatu 10 Machi

Wamemaliza. Oili chafu ya kuzimishia chuma kikitoka motoni haikupatikana mji mzima. Gereji wanaitunza kama asali. Mzee kasema maji ya mvua yanatosha. Nikiwa ndani nilisikia chuma kikiingia kwenye ndoo mara tatu. Kila mara kilipiga kelele, halafu kikasema ti, kidogo tu, kama ukucha ukigonga gilasi.

Jumatano 12 Machi

Mvua. Mafuta ya taa hakuna dukani tangu wiki iliyopita, tunakula kabla jua halijatua. Jirani yetu Audax, Mhaya, yuko karakana ya ndege hapo juu. Mkewe Demetria ndiye rafiki yangu. Leo Demetria alikuwa na homa, kwa hiyo Audax mwenyewe akanipitishia bati la mafuta juu ya ua.

“Mama Veva, haya ni yale wanayochuja kwenye matangi ya ndege. Yanawaka, ila mweke mtoto mbali na moshi.”

“Sasa nikiwasha si nyumba itaruka?”

“Ikiruka mpitie Bukoba mkanisalimie mama.”

Tukacheka. Mauwa, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa anaanika nguo. Ndiyo hayo tu, Dada. Nayaandika yote kama yalivyokuwa.

Ijumaa 14 Machi

Utanisamehe mwandiko.

Kasimiri alikuwa barazani anachonga na tezo jipya. Mie nilikuwa napepeta mchele. Alikuwa anapiga ule mpigo wake wa siku zote, ko, ko, ko, na Genoveva anautikisia kichwa. Halafu mpigo mmoja haukusema ko. Nikainua macho, nikaona mpini mkononi mwake na ncha ya tezo haipo. Ameketi vile vile. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mama Veva, hebu niangalie, kuna kitu kimeniingia.” Alipoondoa kiganja, damu ikashuka kwenye shavu kama chozi.

Nilimwachia Mauwa mtoto, tukaenda hospitali kubwa nyuma ya lori la mkaa. Njia nzima alinishika upindo wa kanga.

Jumatatu 17 Machi

Walimpiga picha ya eksirei. Daktari akaishika dirishani nione. Dada, nimeona fuvu la mume wangu likiwa jeupe kama kibuyu, na kwenye tundu la jicho la kulia nukta moja, punje ya ulezi, nyeupe kuliko mfupa. “Ni chuma hicho,” akasema. “Mionzi inapita kwenye nyama, kwenye chuma inagota.”

Wamekitoa. Jicho la kulia halitaona tena. La kushoto limefungwa pia lipumzike, mpaka mwezi ujao.

Jumatano 19 Machi

Leo kumekaa kikao chumbani kwetu. Mzee Nikodemu kwenye kigoda, Kasimiri kitandani na macho yote mawili yamefungwa, mie chini namnyonyesha mtoto, Mauwa mlangoni kwa kuwa ndiye anayeshinda nyumbani na kuona yote.

“Mwanangu Sesilia,” Mzee akaanza, na sauti yake haikuwa mbaya, ndiyo iliyonitisha. “Mimi nafua tangu Mjerumani hajaondoka kwetu. Chuma hakivunjiki bure. Mwanamume akiwa kwenye kazi, nyumba yake ikiwa na joto la nje, chombo kinamkataa.”

“Joto gani, mjomba?”

“Wewe ndiye wa kutuambia.”

Nikasema sijui joto lolote zaidi ya hili la bati. Akamgeukia Mauwa. “Mchana huingia nani hapa?”

“Mie sijaona mtu kuingia,” Mauwa akasema, anajipinda vidole. “Nimeona bati tu likipita juu ya ua. Wakacheka.”

Wakacheka. Neno hilo likakaa katikati ya chumba kama mgeni asiyejua kuaga. Nilimtazama Kasimiri aseme kitu. Bendeji haisemi. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, haukufungwa na daktari yeyote, nao haukusema.

Hukumu ni hii. Barua inaandikwa kwa Mjomba Albano wetu huko Newala aje anisikilize. Mpaka afike, nisivuke bomba la maji pale nje, nisiseme na watu wa ng’ambo ya ua, na nisitie chumvi katika chakula cha mwanamume, maana mkono wenye joto ukitia chumvi unammaliza mgonjwa. Mjomba asiponisikia vizuri, nitarudishwa Newala na jina langu: yule aliyempofua mumewe. Na Genoveva ataitwa mtoto wa yule.

Alhamisi 20 Machi

Nimepika kunde. Mauwa akaja na vidole vitatu, akatia chumvi, akakoroga, akaondoka. Hakuniangalia.

Ijumaa 21 Machi

Mauwa na vidole vyake vitatu.

Jumatatu 24 Machi

Mvua kutwa. Nepi hazikauki, nazikaushia mgongoni mwangu. Nje ya bomba sijafika. Wanawake wakichota maji wananisalimia halafu wanaongea kwa chini. Kasimiri anataka kunyolewa. Nimemnyoa. Nimempangusa shingo. 

Pasaka, 30 Machi

Sikwenda misa. Nimemwimbia mtoto zile za kwaya nilizokumbuka. Mauwa katia chumvi nyingi kwa heshima ya sikukuu.

Ijumaa 4 Aprili

Bendeji ya kushoto imeondolewa. Ameniangalia muda mrefu. “Umekonda,” akasema.

“Chakula cha kutiwa chumvi na mtu mwingine hakinenepeshi.”

Akageukia ukutani. Dada, zamani nilikuwa nadhani unyamavu wake ni upole. Nilimpenda kwa huo. Sasa nalala ubavuni mwake najiuliza kuna nini humo ndani.

Jumanne 8 Aprili

Leo Demetria kaingia. Hakuita uani, hakubisha, kapita mbele ya Mzee Nikodemu kambeba mwanawe Tekla kiunoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Huyu haruhusiwi kuongea na watu wa kwenu.”

“Mzee wangu, mwenye mume ni mimi. Kama kuna wa kulia hapa, ni mimi, na mimi silii. Nimekuja kumsuka nywele.”

Mzee akabaki na kiko chake. Akanisuka kweli, mabutu manne, na huku anasuka ananinong’oneza aliyoyasema Audax. Kwamba chuma cha springi kina nguvu sana, na chenye nguvu namna hiyo hakina subira. Ukikitumbukiza chekundu kwenye maji baridi, nje kinaganda upesi na ndani bado kinajivuta. Nje na ndani vinavutana, na mahali penye kasoro kinapasuka kiufa ambacho jicho halioni. Chuma laini kinapinda kwanza, kinakuonya. Hiki hakipindi. Siku moja unakipiga kama siku zote, na ule ufa unakwenda wote kwa mara moja.

“Kazini kwao hawaamini macho,” akasema. “Kila kitu cha ndege wanakipiga picha na mionzi, kama jicho la mumeo. Na mionzi yenyewe, Sesilia, eti ikizidi na ikikaa sana, chuma nacho kinaugua. Kinakuwa kigumu, kinavunjika kama biskuti. Ndiyo maana wanamvisha kile kibati kifuani, kihesabu imempiga kiasi gani. Nikamwambia: kama chuma kinaugua, wewe wa nyama je? Anacheka. Usiku nakigeuza kile kibati kiangalie ukuta.”

Nikamwuliza kama yale matezo mawili yaliyobaki yanaweza kupigwa hiyo picha.

“Nimeshamwuliza. Mashine ya serikali, na tezo la Mmakonde si ndege.” Akanivuta nywele nikapiga ukelele. “Halafu akaanza mambo yake ya alikosoma, huko kwenye theluji. Kuna madini, anasema, ukiyapoza kupita barafu, umeme unapita ndani bila kupoteza hata kidogo. Na hayo yakiwa na kasoro ndogo ndogo ndiyo yanauhimili vizuri umeme mkubwa. Nikamwambia basi ndoa yetu ni madini hayo.”

Nilicheka mpaka Mzee akakohoa.

Alipoondoka nikakaa na hizo habari. Nazijua na hazinisaidii. Nikizisema, wataniuliza nimezipata kwa nani.

Jumatano 9 Aprili

Mauwa. Vidole vitatu.

Jumatano 16 Aprili

Tezo la pili limevunjika. Mzee Nikodemu mwenyewe alikuwa nalo, anamsaidia Kasimiri lile gogo lisipewe mwingine. Limekatika na kuchomeka kwenye nguzo, kiganja kimoja tu kutoka kwenye shingo yake. Mie nilikuwa ndani namwogesha mtoto, Mauwa kanishikia beseni. Nikasema moyoni, sasa basi wataona.

Nimesikia Mzee akisema nje: “Bado. Nyumba hii bado ina moto. Na huyo hajafungua mdomo.”

Nikiwa huru nina joto, nikiwa nimefungwa nina joto. Nikiongea nina joto, nikinyamaza ndiyo zaidi. Niambie, Dada, mlango uko upande gani.

Alhamisi 17 Aprili

Genoveva ana kuhara. Sikulala.

Ijumaa 18 Aprili

Bado.

Jumamosi 19 Aprili

Afadhali. Amenyonya, amecheka. Mauwa alinisaidia usiku kucha, na kulipokucha akasema akiwa amenipa mgongo, “Mie niliulizwa nikajibu, Mama Veva. Sikujua bati lina uzito hivyo.” Nikamwambia najua. Kisha ikafika saa ya chakula, akatia chumvi.

Ijumaa 25 Aprili

Barua imefika kwa meli: Mjomba Albano atakuja barabara ikifunguka. Mzee kasema kabla ya hapo, kesho kutwa, atalitambikia tezo la tatu. Hapana mtu kulishika kabla wazee waliotangulia hawajaambiwa.

Jioni Kasimiri alikuwa analitazama pale linaponing’inia. Kutu imeanza, mvua hii inakula kila kitu.

“Lile bati liko wapi?”

“Bati gani?”

“Lile.”

Nikalitoa chini ya kitanda. Akachovya kitambaa, akalipaka tezo lote, taratibu, kama anavyompaka mtoto mafuta. Akaliacha lilowe. Baadaye akalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka likawa kavu kabisa. Mzee alikuwa hayupo. Nilisimama namtazama, sikujua nifurahi au niogope.

Jumapili 27 Aprili

Nitajaribu kuyaandika yote.

Baada ya misa wamekuja ndugu wanne wa ukoo wao. Tezo likalazwa juu ya ungo. Mie nikawekwa kizingitini na mtoto, niwepo lakini nisiingie. Mzee Nikodemu akachukua unga mweupe wa muhogo kwa ncha za vidole, akaunyunyiza juu ya chuma, kidogo kidogo, akiwaita wazee kwa majina yao, waliofua na waliochonga, na wale waliobaki ng’ambo ya Ruvuma. Anaita kwa unyenyekevu mpaka mwenyewe nikasahau kwamba naombewa mabaya. Unga ukafunika tezo lote likawa kama lina mvi.

Tukanyamaza, kama desturi. Mvua ilikuwa imepumzika. Mauwa ndiye aliyeona kwanza.

“Jamani! Tazameni!”

Katikati ya weupe ule palikuwa na mstari. Ulianza makalini, mwembamba kama unywele, ukapanda umepinda kuelekea kwenye mpini. Unga ulikuwa unalowa pale, pale tu, unakuwa mweusi huku tunautazama. Mzee akaupuliza unga wote. Akafuta chuma kwa kiganja, kikang’aa, hakina kitu. Akanyunyiza tena. Tukangoja. Mstari ukarudi, pale pale, umepinda vile vile.

Mzee akanusa vidole. “Nani katia mafuta hapa?”

Ndugu wakanigeukia wote. Nikafungua mdomo.

“Mie,” Kasimiri akasema.

“Mafuta gani?”

“Ya bati lililopita juu ya ua.” Alisimama. Sijawahi kumwona akisimama mjomba wake ameketi. “Yameingia kwenye ufa, mjomba, unga unayanyonya. Chuma hiki kimepasuka. Yote matatu yalipasuka siku ile ile kwenye ndoo. Nilisikia. Kilisema ti. Nikakutazama, nikaona hukusikia, nikaona haya kukuambia. Nikalitia mpini nikachongea.”

Kuku akapita. Mzee Nikodemu akalichukua tezo, akaenda kwenye jiwe la kunolea, akalipiga mara moja tu. Likaachana kwenye ule mstari. Ndani, nusu ya mvunjiko ilikuwa na kutu ya zamani na nusu inameremeta, mpya. Hata mie niliyesoma darasa la saba naona ipi ilivunjika lini.

Akavigeuza vile vipande viwili mikononi. Masikio yake hayasikii vizuri siku hizi, na sie wote tunajua, hapana anayemwambia. Mwishoni akasema, “Wazee wamesema. Sesilia mwanangu, ingia ukatie chumvi.”

Dada, ningekuwa mtu mwema ningeingia. Lakini nilikuwa namtazama Kasimiri. Karibu wiki saba. Alisikia ti. Alilala na hiyo ti siku zote hizo, na mie ubavuni mwake nakula kwa chumvi ya jirani, na alikuwa anajua.

“Shikamoo mjomba,” nikasema. “Nimekusikia. Lakini mie sitii. Atie aliyenyamaza.”

Ndugu mmoja akaguna, “Mwanamume jikoni?” Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

Kasimiri akaingia jikoni. Tulimsikia akigongana na masufuria, upande wa kulia haoni. Akatoka na chungu amekishika kwa shati lake. Ilikuwa imezidi, Dada. Ilizidi mno. Tukala wote, Mzee wa kwanza, hapana aliyeomba maji.

Jumatatu 28 Aprili

Nimevuka bomba. Nimefika mpaka barabarani, nikatazama ndege ikishuka, nikarudi. Kwenye bomba mmoja kaniita “mke wa chongo”, mwingine akacheka. Maneno hayana ungo wa kuyarudisha.

Jumapili 4 Mei

Lile gogo la mpingo limepewa mtu mwingine. Kasimiri ameanza vidude vidogo vinavyowezekana kwa jicho moja: visahani, vitana. Kila siku anatia chumvi kabla sijamwambia. Usiku ameniambia, “Niliogopa mjomba.” Nikamwambia najua. Nikamwambia pia, na mie nilikuwepo, hukuniogopea mie. Nimemfunika shuka.

Jumamosi 10 Mei

Rufiji imeshuka, basi linaondoka kesho kutwa alfajiri na anasafiri mtu wa Newala ninayemwamini, kwa hiyo naharakisha. Mwambie Mjomba Albano shauri limekwisha. Akija, aje kumwona mtoto. Mzee Nikodemu anamsalimu na anasema hafui tena bila oili.

Ninavyohitaji bado ni hivi. Mafuta ya nazi, dumu dogo, si ya kupikia, ni ya kuzimishia chuma. Tupa kuukuu za kunolea kutoka gereji ya misheni, mbili au tatu, zinatoa tezo zuri na zimeshajionyesha kazini hazina ufa. Unga wa muhogo. Ile kanga yangu ya kijani niliyoiacha kwako, ya kubebea mtoto, hii imechanika. Dawa ile ya mizizi ya kuhara, Mama anaijua. Chumvi usitume, ipo. Na jibu kuhusu kile chumba chako cha nyuma: kama bado hakina mtu, kifagie, ukiache hivyo hivyo mpaka nikuambie kama nakuja na mtoto.